Griffith: Mfungwa Aliyewaachia Watu Darubini

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku wa manane huzijua nyota, hata kama hayajui majina yake. Hujua ni ipi inayochomoza mapema, na ni ipi ikishuka huwa alfajiri imekaribia. Wazee wetu walikitazama Kilimia kabla ya kushika jembe, na mabaharia wa pwani waliongoza majahazi yao kwa nyota. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliobahatika kutia jicho kwenye darubini kubwa na kuiona milima ya mwezi au pete za sayari ya Zohali. Katika nchi nyingi vyombo vya namna hiyo hukaa vyuoni na juu ya milima ya mbali, mikononi mwa wataalamu peke yao.

Katika mji wa Los Angeles, huko Marekani, liko jumba lililojengwa ili kuivunja desturi hiyo. Limesimama kwenye ubavu wa Mlima Hollywood, kuta zake nyeupe na makuba yake matatu ya shaba. Jumba likiwa wazi na mbingu zikiwa hazina mawingu, mtu yeyote, awe mfagiaji wa barabara au profesa, huweza kupanga mstari, akapanda ngazi na kutazama kwa darubini bila kutoa hata senti moja. Jumba hilo huitwa kwa jina la Griffith.

Mgeni anayelisoma jina hilo huenda akadhani kwamba Griffith alikuwa mtaalamu wa nyota, au kanali wa jeshi, maana ndivyo mwenyewe alivyopenda kuitwa. Hakuwa mtaalamu wala hakuwa kanali. Alikuwa tajiri wa ardhi, tena mtu aliyefungwa gerezani kwa kosa la kumpiga mkewe risasi usoni. Maisha yake yafaa kusimuliwa yote, mema na mabaya, kwa sababu mji mzima ulibishana juu ya swali gumu: je, zawadi ya mtu wa namna hiyo ipokewe au ikataliwe?

KIJANA KUTOKA WALES

Griffith Jenkins Griffith alizaliwa Januari 4, 1850, katika kijiji cha Bettws, jimbo la Glamorgan, huko Wales. Alikuwa kijana wa miaka 15 tu alipovuka bahari ya Atlantiki mwaka 1865 na kufika Marekani, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akakaa katika mji wa Ashland, jimbo la Pennsylvania.

Mwaka 1873 alielekea magharibi hadi San Francisco, akapata kazi ya umeneja katika kampuni moja ya uchapaji. Mwaka 1878 akawa mwandishi wa habari za migodi katika gazeti la Alta California. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa utajiri. Zama zile, magharibi ya Marekani ilikuwa imejaa migodi ya dhahabu na fedha, na mtu aliyejua ni mgodi upi una mali na upi ni mtupu alikuwa na elimu yenye thamani kubwa. Griffith akaichuma elimu hiyo, akawauzia matajiri ushauri wake, naye akawa tajiri.

Mwaka 1882 alihamia Los Angeles. Siku hizo mji huo ulikuwa mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1880 ilikuta wakazi wapatao 11,000 tu. Griffith alinunua sehemu kubwa ya shamba la kale lililoitwa Rancho Los Feliz, eka zaidi ya 4,000 za mabonde na vilima. Katika ardhi hiyo palianzishwa shamba la mbuni, ndege wa huku kwetu Afrika, kwani manyoya ya mbuni yalitafutwa sana kwa ajili ya kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani. Watu wa mjini walikwenda kuwatazama ndege hao wa ajabu, na Griffith alitumaini kwamba wakifika huko watavutiwa kununua viwanja vyake.

Mwaka 1887 alimwoa Bibi Mary Agnes Christina Mesmer, binti wa ukoo uliojulikana sana mjini, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Vandell.

CHEO ASICHOKUWA NACHO

Waliomfahamu Griffith walimwona mtu wa majivuno. Alikuwa mfupi wa kimo, akitembea kwa madaha na bakora mkononi, na akipenda aitwe Kanali Griffith. Mji ukamzoea kwa jina hilo. Walakini cheo pekee cha kijeshi kinachojulikana kwamba alikuwa nacho ni umeja, katika jeshi la akiba la jimbo la California, na kazi yake ilikuwa ni mazoezi ya shabaha kwa bunduki. Umeja si cheo cha kudharauliwa. Lakini Griffith hakuridhika na alichopewa, akajivika na asichopewa. Msomaji mwenye magwanda anajua vizuri jambo hilo lina maana gani.

Griffith mwenyewe alipata kuonja risasi. Mwaka 1891 mtu mmoja aliyekuwa amekodi lile shamba la mbuni, na ambaye alikuwa na ugomvi naye wa fedha, alimvizia na kumpiga kwa bunduki ya marisau. Yule mshambuliaji, akidhani amekwisha kuua, akageuza silaha na kujiua. Griffith alijeruhiwa lakini alipona.

Miaka mitano baadaye, Desemba 16, 1896, Griffith aliushangaza mji kwa zawadi iliyokuwa kubwa ajabu. Alitoa eka 3,015 za ardhi yake ziwe bustani ya watu wote, na akasema wazi kwamba aliikusudia iwe mahali pa mapumziko kwa watu wa kawaida. Hakutaka pawe mahali pa matajiri. Zawadi hiyo aliitoa kama zawadi ya Krismasi kwa mji. Wapo waliomshukuru, na wapo walionung'unika kwamba amefanya hivyo ili apunguziwe kodi ya ardhi. Bustani ikaitwa kwa jina lake, na hata leo ni miongoni mwa bustani kubwa kabisa za miji ya Marekani.

RISASI YA SANTA MONICA

Nyuma ya madaha hayo palikuwa na siri. Hadharani Griffith aliwaunga mkono waliopinga ulevi, lakini faraghani alikuwa mlevi wa wiski. Miaka ilivyopita, pombe ilimharibu akili. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Kiprotestanti na mkewe alikuwa Mkatoliki, na ndani ya kichwa kilicholewa tofauti hiyo ikageuka kuwa hofu. Akaanza kuamini kwamba Baba Mtakatifu wa Roma anakula njama na mkewe wamtilie sumu na kumnyang'anya mali. Haukuwepo ushahidi wowote wa jambo hilo.

Siku ya Septemba 3, 1903, jamaa hiyo ilikuwa katika hoteli ya Arcadia, mjini Santa Monica, kando ya bahari ya Pasifiki, mwisho wa mapumziko yao. Griffith aliingia chumbani, akampa mkewe kitabu chake cha sala na kumwamuru apige magoti. Kisha, bastola ikiwa mkononi, akaanza kumhoji na kumtaka aape kwamba hakumtilia sumu na kwamba hakuwahi kuvunja uaminifu wa ndoa. Bibi Christina aliapa, akamsihi. Griffith akafyatua risasi.

Mama huyo aligeuza kichwa dakika ile ile, na kwa hiyo hakufa. Risasi ilimpiga jichoni. Akiwa anavuja damu, alijirusha dirishani, akaangukia paa lililokuwa chini yake, akavunjika mfupa, lakini akapata kujiokoa. Alipoteza jicho lake la kulia, na uso wake ulibaki na kovu kwa maisha yake yote.

Tutafakari hapo kidogo. Mtu huyo alikuwa amepewa cheo chake kwa ajili ya kazi ya shabaha. Shabaha aliyokuja kukumbukwa nayo haikuwa ya uwanja wa mazoezi wala ya vita. Ilikuwa ni ya mwanamke aliyepiga magoti, asiye na silaha, mama wa mtoto wake.

MBELE YA SHERIA

Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa mwaka 1904, na mji mzima uliifuata. Upande wa mashtaka ulisaidiwa na Henry T. Gage, aliyepata kuwa gavana wa California. Griffith naye alitetewa na Earl Rogers, wakili aliyekuwa na sifa kubwa ya kuwaokoa washtakiwa. Bibi Christina alifika mahakamani, na uso wake ulikuwa ushahidi tosha.

Rogers hakukana kwamba risasi ilipigwa. Alidai tu kwamba mteja wake alikuwa amepata wazimu kwa sababu ya pombe, hata asijue atendalo. Raia 12 walioapishwa kuamua kesi hawakumwachilia, wala hawakumtia hatiani kwa kosa zito la kujaribu kuua. Walimwona na hatia ya kosa lililo dogo zaidi, la kushambulia kwa silaha ya hatari. Akahukumiwa kifungo cha miaka 2 katika gereza la San Quentin na faini ya dola 5,000, na mahakama ikaagiza atibiwe ulevi wake. Mwaka huo huo, Novemba 4, Bibi Christina alipewa talaka kwa muda wa dakika chache tu, pamoja na haki ya kumlea mwanawe.

Kwa kosa kama lile, adhabu hiyo ni ndogo, na wengi wanaoisoma habari hii leo wataona hivyo. Hata hivyo Griffith alikitumikia kifungo chake. Alitoka gerezani mwishoni mwa mwaka 1906. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba aliyetoka si yule aliyeingia: aliacha pombe, na akaanza kusema na kuandika juu ya hali ya magereza na haja ya kuyarekebisha ili mfungwa atoke akiwa mtu wa kufaa.

ZAWADI ILIYOKATALIWA

Karibu na Los Angeles uko Mlima Wilson, ambako mwaka 1908 wataalamu walimaliza kuweka darubini yenye kioo cha upana wa inchi 60, iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikifanya kazi duniani wakati ule. Griffith alipata nafasi ya kutazama kwa darubini ile. Alichokiona kilimgusa sana. Aliamini kwamba kama kila mwanadamu angepata kutazama vile, fikra za watu zingepanuka na dunia ingekuwa nyingine. Tangu siku hiyo akawa na wazo moja: darubini isiwe ya wataalamu peke yao.

Desemba 1912 aliuandikia mji wa Los Angeles, akitoa dola 100,000 zijengewe jumba la nyota juu ya Mlima Hollywood, ndani ya ile bustani. Alitaka pawe na darubini ya watu wote, ukumbi wa maonyesho ya sayansi, na ukumbi wa sinema za elimu. Mwaka uliofuata alitoa fedha nyingine kwa ajili ya ukumbi wa michezo wa wazi, mfano wa zile za Wayunani wa kale.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Baraza la mji lilikuwa tayari kupokea. Wasimamizi wa bustani walikataa, na raia wengi wakawaunga mkono. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu aliyemtoboa jicho mkewe asiruhusiwe kununua heshima kwa fedha, na watoto wa mji wasifundishwe kwamba tajiri anaweza kujisafisha kwa kutoa sadaka. Walioitaka zawadi nao walikuwa na hoja: Griffith amekwisha kutumikia kifungo alichohukumiwa, na jumba litawafaa watu ambao hawajamkosea yeyote. Shauri lilifika hadi mahakamani, na fedha zikazuiwa.

Griffith aliona kwamba yeye akiwa hai jumba hilo halitajengwa. Hakuziondoa fedha zake. Aliandika wosia, akaziweka chini ya wadhamini, akaeleza jumba litakavyokuwa, na akasisitiza kwamba watu waingie bure. Alifariki dunia Julai 6, 1919, kwa ugonjwa wa ini. Darubini ya ndoto yake hakuiona.

JUMBA LAJENGWA

Kazi ya kujenga ilianza Juni 1933. Miezi michache kabla yake, Machi 10, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji jirani wa Long Beach na kuangusha majengo mengi. Wasanifu, John C. Austin na Frederick M. Ashley, wakairudia michoro yao na kuzifanya kuta za saruji ziwe nene na imara zaidi. Jumba lilifunguliwa Mei 14, 1935, miaka 16 baada ya kifo cha mtoaji.

Mgeni anapoingia hukutana kwanza na tufe kubwa la shaba lenye uzito wa kilo 109, lililoning'inizwa kwa waya mrefu wa mita 12. Tufe hilo huyumba kwenda na kurudi mchana kutwa juu ya shimo la mviringo, na kila baada ya dakika chache huangusha kijiti kimoja kati ya vijiti vilivyopangwa kando. Mtoto hudhani tufe linabadili njia yake. Kumbe tufe linashika njia ile ile, bali ni jumba, pamoja na mlima na mji wote, linalozungushwa na dunia. Pale Los Angeles mzunguko huo hutimia kwa muda wa saa 42 hivi. Kama tufe hilo lingetundikwa kwenye mstari wa Ikweta, unaopita Uganda, Kenya na Kongo, njia yake isingegeuka kabisa. Na kadiri mtu anavyokwenda kaskazini au kusini, ndivyo inavyogeuka kwa haraka zaidi.

Chini ya kuba kubwa la katikati pana jambo ambalo Griffith mwenyewe hakulijua, kwa sababu mtambo wake ulivumbuliwa Ujerumani baada ya kifo chake, mwaka 1923. Mtambo huo hutupa nuru juu ya dari la mviringo, na hadhira iliyokaa gizani huziona nyota za mbingu nzima zikichomoza na kutua. Mtambo huo uliwekwa mahali pa ule ukumbi wa sinema uliotajwa katika mipango ya Griffith.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ukumbi huo ulitumika kuwafundisha marubani wa kivita kutafuta njia kwa nyota. Rubani anayevuka bahari usiku hana mlima wala mto wa kumwongoza. Akiijua nyota, akapima kimo chake juu ya upeo wa macho, na akiwa na saa ya kweli, huweza kukokotoa mahali alipo. Katika miaka ya 1960 wanaanga waliokuwa wakijiandaa kwenda mwezini nao waliketi katika ukumbi huo huo kuzikariri nyota.

Juu ya paa iko darubini yenyewe, ya kioo cha inchi 12, iliyotengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Si darubini kubwa kwa wataalamu wa leo. Lakini inasemekana kwamba hakuna darubini nyingine duniani iliyotazamwa na macho mengi kama hiyo. Hesabu yake imepita watu milioni 7. Jumba lilifungwa mwaka 2002 kwa matengenezo, kumbi mpya za maonyesho zikachimbwa chini ya ardhi, na likafunguliwa tena Novemba 2006. Malipo hutozwa kwa maonyesho ya chini ya kuba. Kuingia na kutazama kwa darubini ni bure, kama wosia ulivyotaka.

HESABU YA MAISHA

Bibi Christina alimzidi umri wa kuishi aliyemjeruhi. Alikuwa hai siku jumba lilipofunguliwa, na aliishi hadi mwaka 1948, akiliona jina la Griffith likiwa juu ya bustani, juu ya jumba, na midomoni mwa watalii. Wageni wengi wanaopanda mlima ule hawalijui jina lake yeye. Kwa hiyo ni haki kulitaja hapa, na kulitaja kwanza, kabla hatujapima sifa za mumewe.

Je, mji ulikosea kuikataa zawadi, au ulikosea kuipokea hatimaye? Yaelekea haukukosea mara zote mbili. Ulipoikataa, mtoaji alikuwa hai, na kumvika heshima mbele ya mama aliyetobolewa jicho kungekuwa kumdhulumu mama huyo mara ya pili. Ulipoipokea, mtoaji alikuwa kaburini, na faida yote ilikwenda kwa watoto wa maskini waliopanda ngazi kuutazama mwezi. Darubini haikulipa deni la jicho la Christina. Hakuna fedha iwezayo kulilipa. Wala kosa la Griffith haliifanyi nuru ya nyota iwe chafu.

Kwa mtu aliyekabidhiwa silaha, funzo liko karibu zaidi. Griffith hakushindwa na adui. Alishindwa na chupa aliyoificha na shuku aliyoilea, na silaha ilikuwa karibu na mkono wake siku hivyo viwili vilipokutana. Miaka 13 iliyomsalia baada ya kutoka gerezani aliitumia katika kutafuta kutenda jema, na jema hilo likatendeka baada ya yeye kufa. Ingalikuwa heri kwake, na heri zaidi kwa mkewe, kama angaliitupa ile chupa mapema, kabla ya siku ile ya Santa Monica.